Re: Mtoto ana aleji ya karanga, tunakuja Dar Desemba

Kutoka: Mama wa Reading

Shikamooni wakubwa, hamjambo wengine. Desemba tunarudi Dar, nyumbani Tabata, mara ya kwanza tangu kijana wetu mdogo agundulike ana aleji kali ya karanga. Ana miaka sita. Daktari kampa kalamu mbili za adrenalini, zile za kuchoma pajani. Waliokwishasafiri nazo naomba mnijuze: uwanja wa ndege wanasumbua? Joto la Dar zitalimudu? Na zikiisha, duka la dawa la mtaani nitazipata? Mama mkwe anasema aleji ni mambo ya Ulaya, tuje tu.

Kutoka: Kaka wa Minneapolis

Dada, uwanja wa ndege ndipo penye wepesi kuliko kote. Kalamu zikae begi la mkononi, usizitie kwenye mizigo ya chini. Ile sheria ya vimiminika visizidi mililita 100 haizuii dawa ya mgonjwa. Beba barua ya daktari, jina la mtoto lilingane na la pasipoti na la kwenye boksi, na aandike adrenaline na epinephrine yote mawili, ni dawa ile ile, maana huku Marekani boksi linabeba hilo la pili na kuna maofisa wanaosoma herufi kwa herufi. Ziache kwenye boksi lake. Mifuko ya plastiki ya dukani usije nayo kabisa, tangu Juni 2019 ni marufuku.

Halafu nyie wa Uingereza watoto wenu wanapewa bure, hamjui tu! Huku mwaka 2016 pakiti ya kalamu mbili ilipita dola 600, zikapigwa kelele mpaka Bunge likamwita mkuu wa kampuni ajieleze.

Kutoka: Bibi Nesi, Upanga

Marahaba mwanangu. Nimestaafu lakini haya nimeyaona sana, niache nieleze kwa kirefu.

Duka la dawa usilitegemee. Adrenalini nchini ipo, imo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, ila inakuja kwenye ampuli, kile kichupa kidogo cha kioo, miligramu 1 ndani ya mililita 1, ya kuvutwa kwa bomba la sindano na mtu aliyesomea. Mkiwa kwenye foleni na mtoto anabanwa haiwafai. Njoo na kalamu zako, omba na za akiba, na tarehe ya kuisha uitazame kabla ya kukata tiketi.

Joto: Desemba kaskazi imeshaingia, nyuzi 30 tunazipita, na kalamu hizi zinataka ziwe chini ya 25. Kupanda kidogo kwa muda mfupi hakuna neno. Kinachoiua dawa ni kuiacha ndani ya gari juani wakati nyie mnazunguka Kariakoo. Friji pia hapana, ubaridi unaweza kuharibu ile mashine ya ndani. Ile mifuko ya kubebea insulini, inayoloweshwa maji, ni mizuri, inapooza kama mtungi, ila hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo usitegemee ikupoozee kama ingekuwa Dodoma. Kila asubuhi chungulia kidirisha: dawa iwe kama maji safi. Ikianza kuwa kahawia, hiyo imeharibika.

Sasa nyumbani. Mtoto akivimba midomo, atakayekuwa karibu atakimbilia piritoni, mwingine ataleta maziwa. Piritoni inatuliza mwasho. Haifungui koo wala hainyanyui presha iliyoanguka. Maziwa ndiyo kabisa, mtu anayebanwa koo hanyweshwi kitu. Ukisikia sauti imekauka, kikohozi hakikatiki, kifua kinalia filimbi, au mtoto kalegea ghafla, choma kalamu hapo hapo. Vipele msivingoje, kuna wakati havitokei.

Suruali haivuliwi, inachomwa juu ya nguo, paja kwa upande wa nje. Kama kalamu yake ni aina ya EpiPen, ng'oa kifuniko cha bluu cha juu, ncha ya chungwa iwe pajani, sukuma mpaka ilie, shikilia sekunde 3. Mlaze chali miguu juu. Kama anahema kwa shida, mkalishe. Asisimamishwe, asitembezwe, hata kwenda kwenye gari abebwe akiwa amelala. Dakika 5 zikipita hana nafuu, kalamu ya pili.

Na hili mwambie mama mkwe mapema: baada ya sindano mtoto atatetemeka, moyo utamwenda mbio, uso utampauka. Hiyo ni dawa yenyewe inafanya kazi. Nimeona bibi akipiga ukunga kwamba mjukuu kazidishiwa sindano, kumbe ndiyo anarudi.

Hata akichangamka na kuomba chapati, hospitali mwende, kwa sababu aleji inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Kutoka Tabata, Hospitali ya Amana ndiyo karibu. Muhimbili ina idara ya dharura tangu 2010. Foleni ya Barabara ya Mandela mnaijua, kwa hiyo kalamu kwanza, safari baadaye.

Kutoka: Baba wa Leicester

Shikamoo Bibi. Naongezea la jikoni, maana wetu ana aleji hiyo hiyo.

Kashata na karanga za kwenye koni ya gazeti hazitupi shida, unaziona kwa macho. Shida ni zilizosagwa. Mchicha, kisamvu, na zaidi ya vyote uji wa lishe! Mama yangu kila mjukuu akifika anamwekea kikombe. Unga ule una mahindi, ulezi, mtama, soya na karanga ndani yake. Mkasema basi tusagishe wa kwetu bila karanga. Mashine ya mtaani imetoka kusaga karanga za jirani sasa hivi na hakuna anayeiosha. Sisi tunanunua ulezi mzima, tunausaga kwa blenda tuliyokuja nayo. Kinu pia. Kinu cha mbao kilichotwangiwa karanga miaka yote hakisafishiki, ukisugue na majivu usugue na sabuni. Tumenunua kipya, kinakaa chumbani kwetu.

Mashangazi wana neno lao: “Karanga hajala, nimemwonjesha mchuzi tu.” Mchuzi wenyewe wa karanga.

Kutoka: Mama wa Reading

Nimechapisha yote, mume wangu anasoma. Nimesikia kuna ya kupuliza puani siku hizi, hakuna sindano. Hiyo vipi kwa Dar?

Kutoka: Kaka wa Minneapolis

Ipo. FDA, wanaopitisha dawa huku Marekani, waliiidhinisha Agosti 2024 kwa wenye kilo 30 na zaidi, na Machi 2025 dozi ndogo kwa kilo 15 hadi 30, kuanzia miaka minne. Muulize daktari wako kama atakuandikia.

Kutoka: Bibi Nesi, Upanga

Sawa, lakini aliyopewa aijue kwanza. Mwombe daktari kalamu ya mazoezi, ile isiyo na sindano, uje nayo. Jumamosi ya kwanza nitafika Tabata, nyumba nzima ichome mapaja yake mpaka waizoee. Aanze dada wa kazi, ndiye anayeshinda na mtoto nyie mkiwa mnazungukia harusi. Mama mkwe niachieni mimi, tunafahamiana.