Msiifute BoT (Benki Kuu ya Tanzania), ipokonyeni kazi ya kutulinda wakopaji!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha.

Septemba 2024 mtoto aliugua, mfukoni sina kitu, nikakopa kwenye programu moja ya simu. Niliomba 100,000, ikaingia 65,000. Hiyo 35,000 wameikata palepale, wanasema ada ya huduma. Siku ya saba natakiwa kurudisha laki nzima. Siku ya nane asubuhi mama mkwe, mchungaji wangu, bosi, hadi fundi aliyewahi kunitengenezea friji, wote wametumiwa picha yangu na maneno kwamba mimi ni tapeli ninayetafutwa. Mama mkwe ana presha. Alinipigia analia, akidhani nimeshawekwa ndani.

Nikaenda ofisi moja ya umma kulalamika. Jibu nililopewa nimelikariri: kama hao jamaa hawana leseni, sisi hatuwasimamii. Yaani anayefuata sheria ndiye anakaguliwa, na asiyefuata hana wa kumuuliza! Nilitoka pale natetemeka.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018. Ndiyo iliyowaweka wakopeshaji wadogo chini ya Benki Kuu. Ukomo wa riba kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mimi kwa wiki moja nimekamuliwa zaidi ya nusu ya pesa niliyopokea. BoT ilikuja kutoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024. Miaka sita! Ndani ya miaka hiyo kausha damu, hiyo mikopo ya mitaani ya riba ya kukamua, imeingia kila mtaa, akina mama wamebebewa magodoro na masufuria, wengine wamekimbia nyumba zao.

Sasa kuna wanaosema Benki Kuu ifutwe kabisa, kila mtu ajilinde. Hapo siko pamoja nao. Tulishaona watu wakijilinda wenyewe enzi za DECI, ule upatu wa "panda mbegu uvune", hadi serikali ilipoingilia 2009 watu walikuwa wameshauza mashamba. Na Januari 2018 BoT ilipozifungia benki tano kwa mpigo kwa kukosa mtaji, Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya wakulima Kagera, ilikuwa lazima mtu azifunge. Zingeachwa zingeendelea kupokea amana za watu huku ndani hamna kitu. Kilichoniuma ni kwa wenye amana. Bima ya amana ilikuwa inalipa mwisho 1,500,000, ukiwa na zaidi ya hapo subiri mfilisi auze mali. Mkulima wa kahawa aliyeweka milioni nane alikuwa na njia gani ya kujua mtaji wa benki yake unapungua? Wakaguzi walikuwa na hesabu hizo mezani. Yeye alikuta mlango umefungwa. (Kiwango cha bima kimeshapandishwa hadi 7,500,000, hilo nawapongeza.)

Tatizo ninavyoliona mimi ni kwamba taasisi moja imebebeshwa kazi zisizofanana. Benki Kuu ipo kwanza kwa ajili ya mfumuko wa bei, thamani ya shilingi na uhai wa mabenki. Mkopo wangu wa 65,000 hautikisi chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo faili langu litakaa chini ya mafaili yote, hata kama gavana ni malaika.

Afrika Kusini walilitenganisha hili 2018: uimara wa mabenki ukabaki upande wa benki kuu, na namna wateja wanavyotendewa ikapewa mamlaka yake, FSCA. Na sisi tupate chombo chetu, kiwe na meno ya kumfuata hata asiye na leseni: kuzuia namba anazopokelea pesa, kuamuru programu iondolewe, na kumpa mlalamikaji jibu la maandishi ndani ya siku zinazojulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Kumtumia mama mkwe wangu picha yangu ni kosa hata kama nadaiwa, lakini mpaka leo hakuna aliyewahi kuniita hata kunihoji.

Deni nililipa lote. Mama mkwe bado hapokei namba asiyoijua.

Kama kuna mtu hapa alilalamika akapata jibu la maandishi kutoka ofisi yoyote, aseme alipitia mlango gani na ilichukua siku ngapi. Barua yangu ya pili nimeshaiandika, sijui tu niipeleke wapi.