Mjadala: Kisilu Mutua alitolewa jela mwaka 2000, lakini hukumu ya kumuua Pinto bado iko palepale. Ifunguliwe upya au iachwe?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Kila likitajwa jina la Pio Gama Pinto, sote hukimbilia swali la nani alitoa amri, na yule aliyefungwa kwa ajili ya kifo hicho husahaulika kwa mara nyingine.

Kwa asiyeijua kesi yenyewe, kwa ufupi ni hivi. Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965, Pinto, mbunge na mpigania uhuru ambaye Waingereza walimweka kizuizini kuanzia 1954 hadi 1959, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake, langoni kwake Westlands, Nairobi. Kiti cha nyuma alikuwamo binti yake, mtoto ambaye hakuwa hata ametimiza miaka miwili. Pinto alikuwa na umri wa miaka 37, na Kenya ilikuwa na miezi 14 tu ya uhuru. Walikamatwa vijana wawili, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Thuo mahakama ilimwachilia. Kisilu alihukumiwa kunyongwa, baadaye adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Aliingia jela Kenyatta akiwa rais. Kenyatta akafa, jaribio la mapinduzi la 1982 likapita, vyama vingi vikarudi, naye bado yumo ndani. Alitoka mwaka 2000 kwa msamaha wa Rais Moi, baada ya miaka 35, akisema lilelile alilosema tangu mwanzo: kwamba si yeye aliyemuua Pinto.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msinitafute: hukumu hiyo irudishwe mahakamani, na ianze hiyo kabla ya tume nyingine yoyote ya kumtafuta aliyetuma wauaji.

Sababu ya kwanza imo katika maneno ya jaji mwenyewe. Jaji Mkuu John Ainley, aliyeisikiliza kesi, alikiri katika hukumu yake kwamba kesi ilikuwa na sura ya jambo ambalo halijakamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika waliofikishwa mbele yake. Hebu yatulieni maneno hayo. Jaji anamhukumu kijana kifo, na katika hukumu hiyohiyo anaungama kwamba picha aliyoletewa ina vipande vilivyokosekana. Nchi yenye nia ya kujua ukweli ingeyachukua maneno hayo siku ileile na kuwatuma wapelelezi barabarani. Badala yake, hakuna mtu mwingine hata mmoja aliyewahi kushtakiwa kwa kifo cha Pinto. Mtu mmoja alipotiwa hatiani, jalada lilifungwa. Kila aliyeuliza kuhusu Pinto alikuwa na jibu la kupewa: muuaji yuko gereza la Kamiti.

Ndiyo maana nasema tuanzie hapo. Kadiri hukumu ile inavyosimama bila kuguswa, kisheria kesi ya Pinto imekwisha. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikichunguza kifo hicho na kutoa ripoti yake mwaka 2013, lakini ripoti ya tume haifuti hukumu ya mahakama. Kazi hiyo ni ya mahakama peke yake.

Najua hoja nzito zaidi ya upande wa pili, na sitaki kuipita kando. Wanasema: Kisilu mwenyewe alieleza kwamba alitumwa kumtisha Pinto. Basi alikuwa kwenye njama, na kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi kwamba watu wanaoshirikiana katika nia ovu, likitokea kosa ambalo ni matokeo ya kutarajiwa ya nia hiyo, kila mmoja huhesabiwa amelitenda. Kwa hiyo hata kama hakufyatua risasi, hatia ni yake.

Hoja hii naiheshimu. Inawezekana kabisa kwamba mahakama ikikaa upya itasema hivyo. Lakini nia ya pamoja ni ya pamoja na nani? Mshtakiwa mwenzake aliachiliwa. Aliyemtuma hakuletwa. Aliyekuwa na bunduki, kama si Kisilu, hakuletwa. Kupima kama kuuawa kwa Pinto kulikuwa matokeo ambayo Kisilu angepaswa kuyatarajia, ni lazima ujue aliambiwa nini, na nani, na kwa ahadi gani. Mwanamume aliyeambiwa amtie mtu hofu kwa sababu ya ugomvi fulani, na mwanamume aliyeambiwa asimame ulinzi wakati mwenzake akiua, hawalingani mbele ya sheria hata wakiwa wamesimama mahali pamoja dakika ileile.

Wengine wanasema alishasamehewa, tunataka nini tena? Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Msamaha wa rais humtoa mtu jela. Haumwondolei hatia. Kwa kweli unaithibitisha, kwa maana anayesamehewa ni mkosaji. Mtu aliyekataa kosa kwa miaka 35 alifunguliwa mlango kwa karatasi ambayo bado inamwita muuaji.

Je, sheria inaruhusu? Inaruhusu, na hili wengi hawalijui. Katiba ya 2010, ibara ya 50(6), inampa mtu aliyetiwa hatiani haki ya kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya, ikiwa rufaa zake zimekwisha na umepatikana ushahidi mpya wenye uzito. Tatizo liko kwenye maneno mawili, “ushahidi mpya”. Atautoa wapi? Maelezo ya mashahidi, kumbukumbu za polisi, mawasiliano ya wakubwa wa wakati ule, kama vipo, vimo mikononi mwa serikali ileile iliyomshtaki. Tunamwambia mlalamikaji alete ufunguo, na ufunguo uko mfukoni mwa mlalamikiwa.

Angalieni wenzetu walivyofanya katika kesi ya Mahmood Mattan, baharia Msomali wa Cardiff, Uingereza. Alinyongwa Septemba 1952 kwa mauaji ya mwenye duka, Lily Volpert. Miongo ikapita. Kumbe polisi walikuwa na msichana wa miaka 12 aliyeletwa kumtazama Mattan akasema siye mtu aliyemwona, na mashahidi wengine walioshindwa kumtambua, na baraza la wazee wa mahakama halikuambiwa. Wakili wake mwenyewe wa utetezi alimwita nusu mshenzi mbele ya mahakama. Hukumu ilifutwa tarehe 24 Februari 1998, siku na mwezi uleule aliouawa Pinto, jambo ambalo kila nikilikumbuka hunisisimua. Ilifutwa kwa sababu Uingereza ilikuwa imeunda tume huru ya kupitia upya kesi za jinai, yenye uwezo wa kudai nyaraka kutoka kwa polisi na kuirudisha kesi katika mahakama ya rufaa. Kesi ya Mattan ndiyo ya kwanza tume hiyo kuirudisha. Mtu alikuwa amekufa miaka 45, na bado waliona jina lake lina haki. Mwaka 2022 polisi wa huko wakaomba radhi.

Sisi hatuna chombo cha namna hiyo. Tuna kamati ya kumshauri rais kuhusu msamaha, na nimeshaeleza msamaha unafanya nini.

Wapo watakaosema mambo ya miaka 60 yanachokonoa vidonda. Lakini vidonda vya nani? Njenga Njoroge alinyongwa mwaka 1969 kwa kumuua waziri Tom Mboya, miezi michache tu baada ya mauaji, na tangu hapo hakuna wa kuulizwa. Kwa wanasiasa wengine waliouawa, J.M. Kariuki, 1975, na Robert Ouko, 1990, hakuna aliyetiwa hatiani. Katika vifo hivi vyote, Kisilu pekee ndiye aliyehukumiwa kisha akaishi kusimulia. Alisimulia. Hukumu yake bado iko palepale.

Basi anayepinga, naomba asiniambie kuhusu gharama wala muda. Anieleze hili: jaji alipoandika kwamba huenda wahusika wengine hawakuletwa mbele yake, ni nani kati ya waliobaki nje aliyetafutwa, na alitafutwa lini?