Naomba ushauri: tela linayumba nyuma ya Coaster, na nataka kushuka mlima Kitonga

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Nipo Uyole, Mbeya. Nina Coaster niliyoitoa viti nikaweka vitanda viwili na jiko la gesi. Ndiyo nyumba yangu nikizunguka minadani. Nyuma navuta tela la ekseli moja, halina breki zake. Lina jenereta, mahema na bidhaa, jumla kama kilo 700.

Juzi nikitoka Chimala kwenda Igawa, nilipofika spidi 80 tela likaanza kucheza kushoto kulia. Nikakanyaga breki, likazidi! Nilipoachia mafuta taratibu ndipo likatulia. Mama watoto tangu siku hiyo anapanda basi.

Nimejaza upepo, fundi kakagua beringi na kukaza kiungio kinachoshika tela na gari. Jenereta ilikuwa mwisho kabisa wa tela (uvivu wangu wa kushusha), nimeisogeza mbele ya ekseli. Sasa halichezi, ila Coaster imekaa chini nyuma na usukani umekuwa mwepesi kuliko ninavyopenda.

Nasikia asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ndiyo ikae kwenye kiungio. Mnapimaje bila kwenda mizani? Mzani wa gunia unafaa?

La pili, mwezi ujao naenda Morogoro. Fundi mmoja anasema Kitonga nishuke na gia ya pili tu inatosha, mwingine anasema tela lifungwe breki kwanza. Mliowahi kushuka na tela, mlifanyaje?