Re: Kuishi bila TV hapa Lubumbashi, mnaonaje vipindi vya nyumbani?

Mama Zulfa aliandika:

Asalaam aleikum ndugu zangu, poleni na majukumu. Tuna mwezi wa pili tangu tuhamie L'shi kutoka Tanzania, tumepanga huku Bel-Air, na baba Zulfa anataka tununue TV na king'amuzi kabla hata makochi hayajafika. Mi naona hela hiyo ikalipe ada ya watoto kwanza. Kuna mtu anaishi hapa bila TV kabisa na bado anapata taarifa ya habari, mpira na tamthilia za kwetu? Umeme wenyewe unakatika kila mara. Naomba mnieleze vizuri, sitaki kuingia gharama mara mbili.

Baba Idrisa alijibu:

Waaleikum salaam shemeji, karibuni sana Lubumbashi. Sisi kwetu hatuna TV tangu 2019 na watoto wanne wamo ndani, kwa hiyo nakueleza ninachokiishi. Tulikuwa nayo, ya nchi 32, umeme ukakatika jioni ukarudi kwa nguvu usiku wa manane, tukasikia tu paa, tunatoka chumbani sebule nzima inanuka plastiki iliyoungua. Mama Idrisa alitaka nyingine wiki hiyohiyo. Nikamwambia tujaribu mwezi mmoja na laptopu ya kazini kwangu, na mwezi ule ndio haujaisha mpaka leo.

Kitu cha kwanza ujue ni bando, ambayo hapa ukienda kwenye kabini utasikia watu wanasema mega. Kinachomaliza hela ni ukubwa wa picha, na wengi hawaujui. YouTube ukiiacha ijichagulie yenyewe inakupa picha kubwa kadiri mtandao unavyoruhusu. Kwa kipimo cha simu yangu, saa moja ya 360p inakula kama mega 300 mpaka 400, lakini saa hiyohiyo ukiiweka 720p unakaribia giga nzima au unaipita, na kwenye simu macho hata hayaoni tofauti kubwa. Kwa hiyo leo hiihii ingia kwenye setingi, tafuta ubora wa video, weka ile ya kubana data, halafu zima na ile ya video kujicheza yenyewe ikiisha moja inaingia nyingine, maana mtoto analala na simu kifuani asubuhi unakuta bando ya wiki imekwisha na hakuna aliyeona chochote.

Pili ni saa. Sisi tuko nyuma ya Dar kwa saa moja, kwa hiyo taarifa ya saa 2 usiku ya kule, hapa ni saa 1, giza limeshaingia na mara nyingi ndio saa umeme unapoondoka. Mi nina betri ya volti 12 iko chini ya meza, ruta ya waifai nayo inatumia volti 12 hivyo nimeiunga palepale bila inveta (angalia kwanza maandishi ya nyuma ya ruta yako, siyo zote zinafanana), na laptopu mchana tunaihakikisha imejaa. Basi mtaa mzima giza, sisi tunaangalia habari. Tunaiweka juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, mdogo anakaa mbele kabisa, mama yao nyuma anachambua mboga kwa mwanga wa ile skrini.

Mpira ndio mgumu, nisikudanganye. Haki za kuonyesha mechi zinauzwa kwa nchi, ndio maana chaneli inaweza kuwa inaonekana laivu siku nzima halafu mechi ikianza unaletewa maandishi kwamba haipatikani nchi uliyopo. Kabla hujalipia programu yoyote ya simu ya mechi, uliza kwanza kama inafanya kazi ukiwa Kongo, na ulipe mwezi mmoja tu wa majaribio. Siku za Simba na Yanga mi nasikiliza redio kwa intaneti, TBC Taifa, sauti tupu haifiki hata mega 60 kwa saa, na mtangazaji mzuri anakuonyesha uwanja wote. Jua tu kwamba matangazo ya mtandaoni yanachelewa, baba mkwe ananipigia toka Muheza anashangilia goli ambalo kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja, siku hizi tumekubaliana asipige mpaka mapumziko. Na mechi za TP Mazembe, timu ya hapa L'shi, usiangalie kwenye kioo chochote shemeji, mwambie baba Zulfa aende uwanjani kwao Kamalondo mwenyewe. Mi nilikuwepo Novemba 2015 fainali ya klabu bingwa na USM Alger, mtoto wetu Samatta akafunga penalti, Mazembe wakachukua kombe, Watanzania tulivyokumbatiana na Wakongo tusiowajua siku ile sitasahau.

Ninalolijali zaidi kuliko yote hayo ni lugha. Idrisa aliingia shule hapa na miaka 5, baada ya miezi mitatu anarudi anasema "bitabu yangu". Na sioni ubaya hata kidogo, ndicho Kiswahili cha hapa, anakihitaji barazani na kwa wenzake, hata mi sokoni naongea hivyohivyo. Ila bibi yake alikuwa anamuuliza kitu kwenye simu mtoto anababaika, bibi anakata simu analia. Ndipo tukaanza utaratibu wa tamthilia: bibi anaangalia kule na TV yake, sisi hapa tunaangalia sehemu ileile, halafu Jumapili wanapigiana simu wanabishana nani alimkosea nani. Saa nzima! Mtoto wa miaka 5 na bibi wa miaka 70. Kwa hilo peke yake mi bando naona ni pesa halali.

Ushauri mmoja, usifunge masikio kwa habari za hapa. Kuna wenzetu wana miaka humu na hawajui lolote la mji wanaoishi, barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, imefungwa wao wameshapakia mizigo. Radio Okapi wanatangaza na Kiswahili pia, iko hewani tangu 2002, nunua kiredio kidogo cha betri kikae jikoni. Tena kiredio hicho kina kazi nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilizimwa nchi nzima karibu wiki tatu, kuanzia tarehe 31 mpaka kwenye 19 au 20 Januari. Tulikuwa na redio na vipindi vichache tulivyokuwa tumeshavihifadhi, basi. Tangu hapo kila Ijumaa usiku, ambapo naona mtandao wa kwetu unakuwa mwepesi, nashusha vya wiki nzima, vya watoto na mawaidha ya mama yao. Ukihifadhi ndani ya YouTube yenyewe kumbuka kuiunganisha na intaneti mara mojamoja, usipofanya hivyo vinajifunga.

Mama Zulfa aliandika:

Ahsante sana shemeji, nimemsomea baba Zulfa yote, kwenye Samatta akanyanyuka. Amekubali TV isubiri. Sasa simu yangu memori imejaa picha, hivyo vya kuhifadhi nitaviweka wapi? Na betri nipate wapi ya uhakika?

Baba Idrisa alijibu:

Tia memori kadi ya giga 64, kisha kwenye setingi za YouTube uiambie ihifadhi kwenye kadi, maana yenyewe inajaza simu. Kadi za bei chee zinakufa haraka, na feki ni nyingi, ijaribu palepale dukani kabla ya kulipa. Betri usinunue peke yako. Jumamosi niko mjini, mwambie baba Zulfa anipigie asubuhi twende wote, kuna fundi anayezipima mbele yako na mita. Na mama Idrisa anauliza Zulfa ana miaka mingapi.