Naomba ushauri: chuo au gereji?

Wakubwa, shikamooni. Niko Kampala, nimemaliza S6 (kidato cha sita). Tangu utotoni naunda magari ya waya na ndala kuukuu, na mbio za magari za Pearl of Africa Rally zikifika hunikuti nyumbani.

Sasa nimechomelea kigari cha chuma, injini ya Bajaj ya bodaboda. Kinatembea, ila nikivuta mafuta kwa nguvu mnyororo unaruka. Fundi anasema sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo) hazijakaa mstari mmoja. Mimi sikubali: kikiwa kimesimama navuta uzi kutoka sproketi moja hadi nyingine, unagusa sawasawa. Nahisi fremu inajipinda kikianza kuvuta. Nitie chuma cha mshazari nyuma ya injini, au niongeze kikaza mnyororo?

Fremu yenyewe ni bomba la maji (msinicheke). Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinataka tao kuu la kumkinga dereva liwe bomba lisilo na mshono, mm 45 kwa unene wa 2.5. Katwe, mtaa wa mafundi chuma, naonyeshwa mabomba ya mageti tu. Nani anajua linapouzwa?

Lililo kubwa zaidi: mama anataka niende Makerere, uhandisi wa mitambo, maana Kiira EV, lile gari la umeme la 2011, ilitoka huko. Mjomba anasema nikae naye gereji Kisekka. Ada itatoka kwenye ng'ombe wa babu, kwa hiyo siwezi kwenda kujaribu tu. Mliosoma huko, mlishika spana kweli au ni makaratasi miaka minne?