The Battle Cats: tuwapange paka kwa kigezo gani?

Swali

Habari zenu, wapenzi wa The Battle Cats, mchezo wa kutuma kikosi cha paka kupigana na maadui na kulinda ngome. Nimemaliza sura ya 2 ya Empire of Cats, sehemu ya mwanzo ya mchezo, na sasa najiandaa kuingia sura ya 3. Kwa kuwa kikosi kina nafasi 10 tu, ningependa kujua ni paka gani wanaostahili kuwekwa juu kabisa. Orodha nyingi nilizosoma huanza na paka wa Uber Rare, yaani wa daraja la adimu sana, zikashuka hadi Super Rare na Rare, kisha paka wa kawaida wakawekwa mkiani kana kwamba kazi yao huisha mara tu mchezaji anapobahatika kupata paka adimu. Mimi ninaye Uber Rare mmoja mwenye bei kubwa, lakini mara nyingi ngome yangu hubomolewa kabla fedha za kumtoa hazijatimia. Ninyi mnawapangaje?

Jibu la 1

Ndugu, orodha zinazofuata uadimu hupima ugumu wa kumpata paka, na hilo halina uhusiano mkubwa na kazi anayoifanya vitani. Mchezo huu, ambao kampuni ya Ponos iliutoa Japani mwaka 2012, una njia moja tu: maadui hutoka kwenye ngome yao, paka hutoka kwenye yako, na fedha huingia kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda na maadui wanavyouawa. Paka asiyeweza kutolewa kwa wakati ni sawa na paka usiyekuwa naye.

Ndiyo maana mimi namweka Tank Cat nafasi ya kwanza, juu ya Uber Rare yeyote. Kwa bei za sura ya 2 anagharimu 150, ilhali Lizard Cat anagharimu 1500, yaani kwa fedha za Lizard Cat mmoja unajenga ukuta wa Tank Cat 10. Wapo mabosi wenye pigo zito linalochukua muda mrefu kurudiwa. Kila pigo kama hilo linapomwangukia paka wa 150, wewe umenunua sekunde kadhaa ambazo wapigaji wako wa nyuma wanazitumia vizuri. Ukimfikisha kiwango cha 10 anageuka kuwa Wall Cat, na baadaye anakuwa Eraser Cat, na bei yake inabaki ileile. Baada yake ninamweka Cat wa kawaida, wa 75, kisha Lizard Cat, ambaye masafa yake marefu humwezesha kupiga akiwa nyuma ya ukuta.

Jibu la 2

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu ukuta, ila sikubali kwamba orodha moja inaweza kutosha. Maadui wana aina: wapo wekundu, weusi, wanaoelea, malaika, wa chuma na wengineo, na paka aliye bora dhidi ya aina moja anaweza kuwa mzigo mbele ya nyingine. Chukua maadui wa chuma. Pigo lolote lisilo la hatari (critical, yaani pigo la bahati lenye nguvu ya ziada) huwapunguzia uhai kwa alama 1 tu, hata likiwa limetoka kwa paka mwenye nguvu kuliko wote ulio nao. Hapo Jurassic Cat, ambaye hayumo katika daraja la juu la uadimu, anakuwa na thamani kuliko Uber Rare wa bei kubwa, kwa sababu mapigo yake huweza kuwa ya hatari na kupenya chuma.

Vilevile, tenganisha wanaompiga adui mmoja na wanaopiga eneo zima. Maadui wadogo wakija kwa wingi, mpigaji wa adui mmoja hupoteza nguvu zake kwa aliye mbele huku bosi akiendelea kusogea. Uber Rare wengi wanaopiga eneo wakiwa mbali ni hazina kubwa katika hatua za mbele, na si haki kuwashusha kwa sababu ya bei peke yake.

Jibu la 3

Kabla ya kubadilisha kikosi, angalia hazina zako, yaani zawadi unazopata ukishinda hatua. Hazina za hatua za sura ya 1 na ya 2 zikikamilika, fedha huingia haraka zaidi na paka wote huimarika, kwa hiyo paka aliyekuwa ghali mno kwako jana anaweza kutoleka kwa urahisi.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Na Bahamut Cat je? Nimesikia anapatikana bila bahati nasibu.

Jibu la 1

Ndiyo, utampata ukimaliza sura ya 3. Kwa bei za sura ya 2 anagharimu 4500. Pigo lake ni zito, hufunika eneo, na masafa yake yanazidi ya Lizard Cat. Lakini anachelewa kupiga, na akirudishwa nyuma kabla ya kumaliza, pigo hilo hupotea. Anza kwa kumpandisha Worker Cat ili fedha ziingie haraka, endelea kutoa Tank Cat bila kukatiza, na umtoe Bahamut Cat bosi akiwa bado mbali na ngome yako.