Mwembe wa babu ulikatwa kichwa 2021, sasa unatuangukia. Kuna namna ya kuuokoa?

Mzawa_wa_Muheza:
Habari za humu wakuu. Nyumbani tuna mwembe dodo alioupanda babu. 2021 matawi yalikuwa yanalalia paa, tukamwita kijana mwenye chenso. Akapanda, akakata matawi yote makubwa usawa mmoja, kama kipara cha mgambo. Nusu siku kazi imeisha, tukamlipa na kumshukuru juu.

Misimu miwili hatukuonja hata embe moja. Kila kisiki kilitoa machipukizi kama ufagio, na sasa mti umerudi urefu uleule. Mwezi uliopita ukapita upepo, chipukizi nene kama mkono likabanduka na kutoboa bati mbili. Pale lilipobanduka pameoza, ukigusa ni unga. Kaka anataka mti ushushwe wote. Mama anasema labda azikwe yeye kwanza. Nifanyeje?

Kigogo_Bubu:
Magunia ya mkaa hayo, mkuu. Natania, mama asije akasoma.

FundiMsumeno:
Kupunguza halikuwa kosa. Kosa ni mahali alipokata. Kidonda cha mti hakiponi kama cha mtu: mti unajenga ukuta kwa ndani kuzuia uozo, halafu gome jipya linatambaa juu yake. Ukikata katikati ya tawi nene, hakuna wa kuziba, kisiki kinaoza kurudi ndani. Na yale machipukizi yameshikilia ganda la nje tu, ndiyo maana yanabanduka.

Tawi la kufupishwa likatwe pale lilipotoa mwana mwenye unene usiopungua theluthi ya lile unaloondoa, huyo ndiye atakayerithi. La kuondolewa lote, kata nje kidogo ya ule mkunjo uliovimba shinani. Usiuparue, usiache kisiki. Likiwa zito, anza kukata kwa chini, kisha juu mbele kidogo, mwisho usafishe kisiki, la sivyo litachuna gome mpaka chini.

Mama_Ngowe:
Mie niko Kilifi. 2013 tulipunguza miembe yetu mikuukuu, kila mwaka sehemu, tukamaliza mwaka wa tatu. Mzee wangu alinuna, maana mavuno yalishuka kweli. Leo imepita miaka zaidi ya kumi, nachuma kwa ngazi fupi. Jua na upepo vinapita ndani, madoa meusi kwenye maembe yamepungua. Vidonda vidogo vimefunga hata sivioni. Viwili vilivyokuwa vikubwa kama sahani havijafunga hadi leo, gome limevizunguka kama midomo. Kwa hiyo ndugu yangu, matawi manene yaguse pale tu unapolazimika.

Mzawa_wa_Muheza:
Asante dada. Vidonda mlipaka lami? Na ni mwezi gani?

Mama_Ngowe:
Lami hapana, haizuii kuoza. Tulipaka chokaa kwenye magome yaliyokuwa kivulini yakafunuliwa ghafla, jua huyachoma yakapasuka. Kata mkishachuma, Februari au Machi mwanzoni, majani mapya yapate mvua za masika, yakomae kabla ya maua. Ukingoja Juni unakata maua yenyewe. Na vaa mikono mirefu, utomvu wake unababua.

FundiMsumeno:
Nyongeza kwa mti wako. Gonga kila kisiki kwa nyundo. Kinacholia kama debe tupu, tawi lote litoke mpaka shinani. Kinacholia kizito, bakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu yaliyoachana nafasi, mengine punguza msimu hadi msimu. Usiyafyeke kwa mkupuo, utapata ufagio mwingine. Ila gonga na shina. Likilia debe, kaka yako ana hoja, mama hana budi kuelezwa.

Mzawa_wa_Muheza:
Nimegonga. Visiki saba, viwili vinalia debe. Shina zito kabisa, mama alisimama pembeni akisikiliza kama daktari. Kijana wa chenso nimemtafuta, anasema hapandi mara tatu kwa miaka mitatu kwa bei ya siku moja.

FundiMsumeno:
Mlipe kila anapopanda, ni haki yake. Na safari hii matawi ya upande wa paa yashushwe kwa kamba.

Kigogo_Bubu:
Na bati mbili analipa nani?